Kushua, Kupwelewa na Kwenda Mrama: Msamiati wa Vyombo vya Lamu na Elimu ya Kwasari

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuweka pamoja mambo mawili ambayo aghalabu hayakutani katika kurasa za wanaisimu: elimu ya kwasari, yaani vile vyanzo vya mwanga vilivyo mbali mno na sisi, na msamiati wa vyombo vya baharini unaotumika katika visiwa vya Lamu. Hoja yetu ni nyepesi kuitaja, ingawa si nyepesi kuitekeleza. Tunapotafuta lugha ya kuelezea sayansi ya anga kwa Kiswahili, tunashughulika mno na majina, na vitenzi tunavisahau. Jina huazimwa kwa siku moja. Roketi, setilaiti, galaksi na kwasari zimekwisha kuingia, zikapewa ngeli, na hazimsumbui mtu. Lakini mwanafunzi anayejua majina hayo yote bado anaweza kushindwa kutueleza ni jambo gani hasa lililotokea, lilitokea lini, na kwa nini chombo kilichogharimu kazi ya miaka kumi kiliangamia katika dakika chache. Hapo panahitajika kitenzi, na kitenzi kisichofaa huficha ujinga kuliko jina lisilofaa.

Lamu tumeichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya lugha: Kiamu na ndugu zake wa Pate, Siyu na Faza vimehifadhi msamiati mpana wa chombo, maji na upepo, pamoja na maumbo ya kitenzi ambayo Kiswahili sanifu hakinayo. Ya pili ni ya jiografia, nayo haijulikani kwa wengi wetu kama inavyostahili. Kiasi cha kilomita 100 kusini-magharibi ya mji wa Lamu, katika ghuba ya Ungwana mkabala wa Ngomeni, imesimama baharini majukwaa ya chuma ambayo Waitaliano waliyaita San Marco. Kutoka hapo ndipo ilipoanza safari ya setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa kwa kazi moja tu, ya kuchunguza anga kwa miale ya eksirei. Setilaiti hiyo ilipewa jina la Kiswahili.

Chombo kilichoitwa Uhuru

Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya kujitawala. Waliotengeneza setilaiti ni Wamarekani, chini ya uongozi wa kisayansi wa Riccardo Giacconi. Waliorusha ni Waitaliano, katika mradi ulioasisiwa na Luigi Broglio. Bahari ilikuwa yetu. Msimamizi wa mradi kwa upande wa Marekani, Bi. Marjorie Townsend, ndiye aliyeipa jina la Uhuru, kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji. Kabla ya hapo ilijulikana kwa herufi na tarakimu tu, kama desturi ya wahandisi.

Kwa nini waje mpaka Ngomeni? Jukwaa liko chini kidogo ya ikweta, kwenye latitudo ya digrii 3 hivi kusini. Dunia inapojizungusha, ikweta ndiyo iendayo kasi kupita sehemu nyingine zote, kwa hiyo roketi inayoelekezwa mashariki hupata msaada wa bure. Zaidi ya hayo, chombo kinachozunguka juu ya ikweta hukwepa kwa kiasi kikubwa eneo la Atlantiki ya kusini ambamo chembe zenye umeme ni nyingi, nazo huvuruga vipimo vya eksirei. Roketi iliyotumika, Scout, ilikuwa na hatua nne za fueli yabisi. Setilaiti 9 zilirushwa hapo baina ya 1967 na 1988, na zote zilifika zilikotumwa. Kwa hiyo mifano ya kuharibikiwa, tutakayoijia, itabidi tuitafute mbali na Ngomeni.

Uhuru ilikuwa ndogo, yenye uzito wa kilo 140 hivi. Ilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 12, huku ikipekua anga ukanda kwa ukanda, mpaka Machi 1973. Kutokana na kazi yake wataalamu walipata hakika kwamba baadhi ya vyanzo vya eksirei ni nyota mbili zinazozungukana, moja ikiifyonza nyingine gesi. Na vipimo vyake vilisaidia kukifanya chanzo kiitwacho Cygnus X-1 kuwa shimo jeusi la kwanza kukubalika. Giacconi alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Kwetu sisi wa lugha kuna jambo dogo lenye uzito wake. Orodha ya nne ya vyanzo vilivyoonwa na setilaiti hiyo ilichapishwa mwaka 1978, ikiwa na vyanzo 339, na kila kimoja kiliandikwa kwa kutanguliza alama 4U: tarakimu ya orodha, kisha herufi ya kwanza ya Uhuru. Alama hizo zinatumika katika majarida ya falaki hadi leo. Nilipokuwa nikisoma shahada ya pili ng'ambo niliwahi kumwuliza mwanafunzi wa fizikia herufi hiyo ina maana gani. Alidhani ni kifupi cha neno la Kiingereza. Basi herufi yetu imo katika anga lote, lakini maelezo ya vitu vinavyoitwa kwa herufi hiyo hatujayaandika kwa lugha iliyoitoa. Mojawapo ya vitu hivyo, kile chenye alama 4U 1226+02, ni kwasari iitwayo 3C 273, nayo itatufaa kwa mfano.

Mwanga uliofika

Mnamo mwaka 1962 Cyril Hazard na wenzake walikitegea chanzo hiki darubini ya redio ya Parkes, huko Australia. Walisubiri mwezi ukisitiri. Kwa kuwa njia ya mwezi yajulikana kwa usahihi, saa ya mawimbi kukatika na saa ya kurudi zilitosha kuonyesha chanzo kilipo. (Mtu wa Lamu, ambaye amezoea jioni ya mwandamo watu kupanda madarini wakiutafuta mwezi mwembamba, hana haja ya kufafanuliwa kwamba mwezi ni saa.) Mwaka uliofuata, 1963, Maarten Schmidt aliuchambua mwanga wa kile kilichoonekana mahali hapo kama nyota ya kawaida, akagundua kwamba alama za haidrojeni zilikuwapo, lakini zimesogea kuelekea wekundu kwa kiasi cha asilimia 16. Nyota ya jirani haiwezi kuwa na alama zilizosogea hivyo. Chanzo kilikuwa mbali kwa mwendo wa miaka zaidi ya bilioni 2 ya nuru, na kwa kuwa kilionekana bado, mng'ao wake ulipita wa galaksi nzima. Mwaka 1964 Hong-Yee Chiu akaunda neno ambalo kwetu limekuwa kwasari, kwa kufupisha maelezo marefu yenye maana ya kitu cha redio kinachofanana na nyota. Leo tunajua kwamba si nyota hata kidogo. Katikati ya galaksi pana shimo jeusi lenye uzito wa mamilioni au mabilioni ya jua letu. Gesi inayolizunguka kabla ya kutumbukia hupata joto kali mno, nayo ndiyo ing'aayo.

Mwaka wa nuru huwatatiza wanafunzi wengi, kwa sababu neno mwaka huwavuta wadhani ni kipimo cha wakati. Tatizo hili, kwa maoni yangu, limeletwa na ufundishaji wetu, maana lugha yenyewe haina lawama. Watu wa visiwani tangu zamani wamepima umbali kwa muda: mahali fulani ni safari ya siku mbili, pengine ni mwendo wa maji kujaa, kama ilivyo kwa anayetaka kupita mkondo wa Mkanda baina ya Manda na bara, ambao hupitika vyema maji yakiwa yamejaa. Aliyezoea kusema hivyo yuko tayari kuelewa kwamba miaka bilioni 2 ya nuru ni umbali unaotajwa kwa muda wa msafiri, na msafiri huyo ni mwanga.

Ugumu wa kweli uko katika njeo. Tunasemaje juu ya 3C 273? Tukisema "inang'aa", tunadai jambo tusilolijua, kwani tunachokiona ni habari ya miaka bilioni 2 iliyopita. Tukisema "iling'aa", tunaondoa kile kilicho mbele ya macho yetu usiku huu. Kiswahili sanifu kina -me-, nayo inasaidia mradi tubadilishe kiima: "mwanga wake umefika." Sentensi hii ni kweli bila ya kuongeza wala kupunguza. Kitendo kimekwisha, matokeo yako hapa. Wanaisimu wengi hukubali kwamba -me- yenyewe ni masalia ya kitenzi -mala, yaani kumaliza, kilichokuwa na mwisho wa -ile.

Kiamu kimehifadhi mwisho huo waziwazi. Mtu wa Lamu na mshairi wa zamani husema "mbwene" kwa maana ya nimeona, na "ufie" kwa maana ya amekufa. Umbo hilo halielekezi sana kwenye saa ya tendo. Linaelekeza kwenye hali ambayo tendo limeiacha. Alofariki jana na alofariki karne tatu zilizopita wote ni "ufie", kwa kuwa hali yao ni moja. Nimeona walimu wakihangaika kwa ubao mzima kueleza kwamba kuangalia mbali ni kuangalia zamani, ilhali lahaja iliyo jirani na Ngomeni ina kitenzi kilichozoea kushika zamani na sasa katika silabi mbili. Sipendekezi kwamba vitabu vya shule viandikwe kwa Kiamu. Napendekeza kwamba somo la njeo na somo la nuru yangeweza kufundishwa kwa mfano mmoja.

Kadiri chanzo kilivyo mbali ndivyo mwanga wake ulivyonyooshwa, kwa sababu anga lenyewe limekuwa likitanuka wakati mwanga uko njiani. Mwaka 2021 ilitangazwa habari ya kwasari yenye alama J0313–1806, ambayo mawimbi yake yamefika yakiwa marefu mara 8.64 kuliko yalivyotoka. Mwanga huo uliondoka ulimwengu ukiwa na umri wa miaka milioni 670 hivi, kati ya miaka bilioni 13.8 iliyonao sasa. Shimo jeusi lake lina uzito wa jua letu mara bilioni 1.6. Swali ni gumu: mtoto mchanga kiasi hicho aliupata wapi mwili huo? Shimo dogo lililozaliwa na nyota moja lisingepata muda wa kunenepa, hata kama lingelishwa bila ya kukoma. Mwaka 2023 darubini ya Chandra, iliyoko angani tangu 1999, ilikamata eksirei za galaksi iitwayo UHZ1, ambayo mwanga wake uliondoka ulimwengu ukiwa na miaka milioni 470 tu. Wachunguzi wake wanaona humo dalili ya shimo lililozaliwa kubwa tangu mwanzo, kwa wingu zima la gesi kuporomoka kwa pamoja. Nadharia inaelekea huko, ila mjadala haujafungwa.

Kushua au kurusha?

Eksirei hazipenyi hewa ya dunia. Ni jambo jema kwa uhai wetu, lakini maana yake ni kwamba UHZ1 isingejulikana hivyo kutoka mlima wowote. Lazima chombo kipelekwe juu ya hewa, na kwa hiyo elimu ya mwanzo wa ulimwengu inategemea roketi kuwaka, kunyooka na kuachana na mzigo wake kwa wakati.

Magazeti yetu hutumia kurusha. Ni kitenzi halali, kutokana na kuruka, lakini hurushwa pia jiwe, matangazo ya redio na hata deni. Lamu kuna kitenzi kingine kwa chombo kipya kinachoondoka nchi kavu: hushuliwa. Mafundi wa Matondoni wakimaliza jahazi hawairushi, wanaishua. Uhusiano wa shuka na shua ni ule ule wa pasuka na pasua, inuka na inua. Mpinzani atasema, na amesema kweli, kwamba kushua ni kuteremsha, na roketi haiteremki. Pingamizi hili ni zito. Hata hivyo, maana ya kushua imekwisha kupita mteremko: ni kukikabidhi chombo kwa maji, na kuanzia hapo fundi hana tena mkono juu yake. Hali hii inaifaa mno roketi ya fueli yabisi, ambayo ikiwashwa haizimiki. Msamiati nao huhama. Mwongo, ambao kwa manahodha waliohesabu mwaka wa Nairuzi ulikuwa siku 10, leo shuleni ni miaka 10, na hakuna aliyelalamika.

Iwapo kushua hakutakubaliwa, basi angalau tukubali bamvua. Roketi haiondoki wakati wowote. Ina muda wake mfupi ambapo njia, mwanga na mzunguko wa dunia vinakubaliana. Wafasiri wetu wanauita muda huu dirisha, kwa kulifuata neno la Kiingereza, na msomaji hubaki akijiuliza nani anachungulia. Jahazi kubwa hushuliwa kwa bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida; likikosa bamvua hili linangojea la pili. Maana yote imo humo, pamoja na kungoja.

Namna za kuharibikiwa

Habari za roketi zikitufikia, huwa tunasoma kwamba "imefeli" au "imelipuka". Maneno hayo mawili hayatoshi, na hasara yake si ya mtindo tu. Msomaji asiyejua chombo kilipotea vipi hawezi kujua kilichorekebishwa.

Siku 12 tu kabla ya Uhuru, tarehe 30 Novemba 1970, Wamarekani walirusha kutoka Florida darubini kubwa ya miale ya urujuanimno, iitwayo OAO-B. Roketi iliwaka vizuri. Ila kofia inayokinga mzigo wakati wa kupita katika hewa haikuachana nao. Uzito huo wa ziada ukaipunguzia kasi, darubini ikakosa kufika kwenye njia ya kuzunguka dunia, ikarudi chini na kuangamia. Chombo chenyewe kilikuwa kizima. Baharia wa Lamu anakijua kisa hiki: ni kupwelewa. Chombo hakina tundu wala ufa, ila kina kimepungua nacho kimebaki kisipopaswa kubaki. Kitenzi hicho chatokana na -pwa, mzizi ule ule uliotupatia pwani. Kilichopungua hapa ni kasi badala ya maji, na mfano unakaa sawa. Ndivyo pia ilivyokuwa kwa darubini ya eksirei ya Wajapani, ASTRO-E, Februari 2000: hatua ya kwanza ya roketi iliharibika, kasi haikutosha, darubini ikapotea. Mrithi wake, Suzaku, alipatikana mwaka 2005.

Kuna namna nyingine. Tarehe 4 Juni 1996 roketi mpya ya Ulaya, Ariane 5, ilikwenda sawa kwa sekunde zipatazo 37, kisha ikapinda ghafula, ikavunjika. Mashine haikuwa na kasoro. Programu iliyorithiwa kutoka roketi ya zamani ilipewa namba kubwa kuliko nafasi iliyotengewa, usukani ukapokea takwimu zisizo na maana na kuzifuata kwa utiifu. Huku ndiko kwenda mrama. Siku hizi twatumia msemo huo kwa ndoa na kwa siasa, lakini mrama ni kuyumba kwa chombo ubavu kwa ubavu, nguvu ikiwapo na mwelekeo ukiwa umepotea. Mfano ulio wazi zaidi ni wa Hitomi, setilaiti nyingine ya eksirei ya Wajapani. Ilirushwa Februari 2016 na kufika salama. Mwezi uliofuata mfumo wake wa kujielekeza ulidhani kwamba inazunguka, ilhali ilikuwa imetulia. Ukajitahidi kuusahihisha mzunguko ambao haukuwapo, na kwa juhudi hiyo ukauanzisha wenyewe, mpaka sehemu zake zikakatika. Kuandika kwamba Hitomi "ilifeli" ni kumnyima msomaji kisa chote.

Namna ya tatu haina jina katika msamiati huu. Giacconi na wenzake, miaka mingi kabla ya Uhuru, walijaribu kupeleka vipima-eksirei kwa roketi ndogo. Oktoba 1961 roketi ilipaa kama ilivyotakiwa, lakini vifuniko vya vipimo havikufunguka. Ikaenda na kurudi bila ya kuona kitu. Ni Juni 1962 ndipo waliporudia na kukuta chanzo cha kwanza cha eksirei nje ya jua letu. Jambo hilo hilo limejirudia katika siku zetu. XRISM, iliyorushwa tarehe 7 Septemba 2023 kushika nafasi ya Hitomi, ilifika vyema, lakini mlango mdogo ulio mbele ya kipimo chake kikuu ulikataa kufunguka. Majaribio kadhaa hayakufaulu, ikaamuliwa kazi iendelee hivyo hivyo: miale yenye nguvu hupita katika kidirisha chembamba cha berili kilichomo mlangoni, na ile dhaifu huzuiliwa.

Chombo hiki hakikupwelewa wala hakikwenda mrama. Jahazi za Lamu huwekwa macho mawili, kwa Kiamu mato, kila upande wa omo, lakini ni macho ya mti na rangi, na hakuna nahodha aliyewahi kuyangojea yafumbuke. Kwa hiyo lugha ya baharini haikuhitaji kitenzi cha kukosa kufumbuka. Kwa XRISM, mpaka ipatikane rai iliyo bora, ninaandika kwamba imefika ikiwa imefumba nusu.